Nitakuambia Baadaye

Sentensi ya kwanza ya Bwana Jua mkalimani aliipitisha nzima. Ya pili akaikata mkia. Ya tatu, ile aliyoisema kwa kushusha sauti na kuweka mkono kifuani, ile iliyowafanya akina mama wa viti vya katikati watikise vichwa, hiyo hakuipitisha kabisa. Aliikunjakunja vidoleni akatoa kitu kikavu kisicho na chumvi wala sukari: "Anasema jua ni zuri." Basi. Kisha akashusha mikono kusubiri sentensi inayofuata, uso mkavu, kama mtu aliyefanya kazi yake.

Hakuna aliyejua, na huo ndio utamu wa kazi ile kwa mtu mwenye kinyongo. Ukumbi ulikuwa umefurika mpaka wengine wameegemea kuta, na katika wote hao wenye masikio hapakuwa na mmoja anayejua lugha ya alama. Katika safu mbili za mbele walikaa viziwi, na huko hapakuwa na mmoja mwenye kusikia. Kilichotoka kinywani mwa Bwana Jua kiliwafikia kupitia mikono ya mwanamke mmoja aliyevaa gauni jeusi lisilo na maua, kucha fupi, asiye na pete wala bangili, aliyesimama pale taa inapopiga. Akiamua Bwana Jua leo awe bubu, atakuwa bubu.

Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na wawili. Mmoja akichoka mwingine anapokea, na yule anayepumzika hukaa akimkagua mwenzake. Siku hiyo mwenzake alikuwa kitandani na homa. Mwenyekiti wa mdahalo alipompigia simu kumuuliza kama ataweza peke yake, alijibu kwamba ataweza, tena asiwe na wasiwasi. Kanuni ya ukalimani inasema mwenye jambo lake asikubali kutafsiri penye jambo hilo, na kanuni hiyo yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanagenzi kila mwaka. Lakini aliposikia jina la msemaji alikuwa ameshakata shauri kabla simu haijakatika. Huyu, alijisemea, Mungu kaniletea mkononi.

Bwana Jua hakupewa jina hilo na wazazi wake. Zamani alikuwa mwalimu wa fizikia, mwalimu mzuri kwa maneno ya waliosoma kwake, mpaka alipoacha chaki na kuanza kufundisha watu wazima kwamba kisukari si ugonjwa. Ni njaa ya mwanga, alisema. Mgongo mtupu ukipigwa na jua la asubuhi, mwili hujitengenezea wenyewe kile ambacho hospitali inakuuzia kwenye sindano. Sindano huufanya mwili kuwa mvivu. Ziache, kaa juani, vumilia. Alikuwa na michoro, mishale ya rangi, na sauti ya mtu anayekuonea huruma.

Mama yake mkalimani aliziacha. Alikuwa fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni, mwanamke wa vichekesho ambaye alijua cherehani yake inaumwa kwa kuweka kiganja juu ya meza. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, gauni limeshushwa mabegani, akiota jua. Alikonda. Kiu ikamshika. Alimwambia binti yake kwa mikono iliyokuwa imeanza kuchelewa kwamba kiu ni dalili ya mwili kuamka. Siku aliyoanguka, binti alikuwa kazini, akitafsiri harusi ya watu. Alipofika hospitali mama alikuwa hai bado, lakini mikono yake ilikuwa imelala juu ya shuka na haikusema tena.

Mkalimani hakulia msibani. Watu walisema ana moyo. Hakuwa na moyo wowote, alikuwa na hasira, na hasira hiyo aliilisha na kuinywesha kwa mwaka mzima kama mtu anayenenepesha ng'ombe wa kuchinja.

Lakini kwa nini mama aliamini? Hapo ndipo penye mwiba. Kabla mama hajaacha sindano, Bwana Jua alikuwa ameomba ukumbi huu huu, akanyimwa. Redio ikaambiwa isimhoji. Chama cha madaktari kikaandika kwamba hakiketi meza moja na wapuuzi. Ukumbi ukafungwa, mdomo haukufungwa. Bwana Jua akajirekodi video, akaziwekea maandishi chini, na zile video zikaingia kwenye simu za viziwi ambao hawajawahi kuwekewa maandishi na daktari yeyote tangu wazaliwe.

Na aliyezileta nyumbani alikuwa baba.

Baba yake naye kiziwi, naye fundi cherehani, mtu wa kushona suruali na kukaa kimya. Ili umwelewe baba sharti ujue sentensi ambayo kila kiziwi ameishi nayo. Familia imekaa mezani, mjomba anasimulia, watu wanapasuka mbavu, kiziwi anauliza: mmecheka nini? Anajibiwa: nitakuambia baadaye. Daktari anaongea na shangazi nusu saa juu ya tumbo la kiziwi, kiziwi anauliza: anasemaje? Nitakuambia baadaye. Na hiyo baadaye haifiki. Kwa hiyo baba alipoona wakubwa wamekazana kumnyamazisha mtu, hakujiuliza kama mtu huyo ana akili timamu. Alijiuliza swali alilolizoea: wanatuficha nini? Akaenda kukitafuta kilichofichwa, akakipata, akampelekea mkewe kama zawadi.

Tena hakuishia hapo. Miezi michache iliyopita kliniki ilimpima baba mwenyewe, ikamkuta na kisukari. Akapewa vidonge. Mkalimani alivikuta kabatini, juu ya vitambaa vya suruali za watu, hakuna kilichofunguliwa. Alipochungulia nyuma ya nyumba alimwona baba yake kwenye kigoda cha marehemu, shati mapajani, mgongo juani. Walibishana mpaka vidole vikauma. Baba alimaliza kwa kusema, "Siku nitakayomwona ana kwa ana, nitamuuliza. Sio wewe. Yeye."

Leo ndiyo siku hiyo, na baba alikuwa safu ya mbele, kiti cha pembeni, suti aliyojishonea mwenyewe. Sasa basi, mkalimani angefanya nini? Amwache muuaji yule aingie tena kwenye macho ya baba yake, na safari hii kwa mikono ya bintiye?

Mada ya mdahalo iliandikwa kwenye kitambaa ukutani: mawazo ya pembeni ya kisayansi yapigwe marufuku au yajadiliwe? Daktari, msemaji wa upande wa marufuku, alikuwa ametangulia kusema. Alisema vizuri, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, kwamba kuna mambo hayana pande mbili, na kumpa mpotoshaji kipaza sauti ni kumpa mtoto kiberiti. Alisema akimtazama mwenyekiti. Safu za mbele hakuzitazama hata kidogo, na alipomaliza alifungua simu yake.

Sasa Bwana Jua alikuwa amepamba moto.

"Mtu anayefunga mlango," alisema, "ana kitu ndani. Ukweli haujawahi kuogopa swali. Nyinyi mmefichwa mambo mangapi maishani kwa madai kwamba mnalindwa?"

Mkalimani aliona sentensi hiyo inakwenda wapi. Ilikuwa inaelekea moja kwa moja kwenye safu za mbele, kifuani kwa baba. Kwa mikono ingependeza kupita kiasi: mlango, kitu nyuma ya mlango, macho yanayozuiwa. Akaiua. "Anasema maswali ni muhimu," akatafsiri, mikono chini karibu na kiuno, bila uso.

"Wananiita hatari kuliko ugonjwa," Bwana Jua akaendelea, akitabasamu. "Ajabu kweli. Ugonjwa wameshindwa kuukamata, mimi wamenikamata mara mbili."

Ukumbi ukacheka. Ukacheka hasa, mpaka kiti kimoja cha plastiki kikateleza, hata Daktari akainua kichwa na kubana midomo. Na katikati ya ukumbi unaotikisika, safu mbili za mbele zilikaa kimya, nyuso zimeelekezwa kwa mkalimani, zikisubiri. Kiziwi hasikii kelele lakini kicheko anakiona: mabega, meno, watu wanaogeukiana. Fundi viatu, rafiki wa baba, aligeuka nyuma akatazama meno ya watu, kisha akageuka tena mbele.

Baba akainua mkono. "Wamecheka nini?"

Vidole vya mkalimani vilijibu kabla ya akili yake. Vilijibu kwa mazoea ya watu wote wenye masikio.

"Nitakuambia baadaye."

Aliyaona maneno yake mwenyewe yakiwa hewani na hakuweza kuyarudisha. Baba hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama tu, binti aliyekuwa masikio ya nyumba tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kiti ili karani wa benki amwone, na mikono yake ikasogea kidogo juu ya mapaja, ndogo, ya siri, ya mtu anayemsitiri mwanawe mbele za watu.

"Hata wewe."

Fundi viatu hakuwa mtu wa kusitiri. "Tangu aanze unatupa maganda," alisema kwa mikono mipana iliyoonekana mpaka nyuma. "Mtu anaongea dakika nzima, wewe unatupa neno moja. Nimefunga duka kuja kumwona huyu. Nitamkataaje mtu niliyefunikiwa uso wake?"

"Ni mwongo," mkalimani akajibu kwa mikono. "Amemuua mama."

"Najua alivyokufa mama yako, nilibeba jeneza. Mlete huyo, mzima."

Mwenyekiti alikohoa kwenye kipaza sauti. "Mkalimani, kuna tatizo?"

Mkalimani alivuta pumzi. Aibu ilimpanda kuanzia shingoni, aibu na hasira pamoja, na safari hii hasira hiyo haikujua imshike nani.

"Kuna sehemu sikuzitafsiri sawasawa," alisema. "Naomba msemaji arudie tangu pale kwenye mlango."

Bwana Jua alifurahi kurudia. Nani asiyependa kuombwa maneno yake mara ya pili? Na mkalimani akampitisha. Safari hii alimpitisha mzima mzima, na mlango wake na kitu chake nyuma ya mlango, na kile kichekesho, ambacho safu za mbele zilikicheka kwa kuchelewa, kwa sauti zile za viziwi zisizojua kujizuia, mpaka ukumbi ukazigeukia. Alimpa uzuri wake wote. Alimpa pia vitu ambavyo sauti yake ilikuwa ikivifunika: jicho linalokimbia kila anapotaja hospitali, mkono unaogusa tai kabla ya kila takwimu, tabasamu linalotangulia huruma. Mkalimani hodari hutafsiri na uso, na yeye alikuwa hodari. Roho ilimuuma kumpendezesha mtu yule. Baba alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, macho hayapepesi, mtu mwenye kiu.

Muda wa maswali ulipofika, baba alisimama wa kwanza.

Kiziwi anapouliza, mkalimani humpa sauti, na haruhusiwi kusema "huyu mzee anasema". Anasema "mimi". Kwa hiyo ukumbi ulimwona mzee wa suti akipeperusha mikono, ukasikia sauti ya mwanamke ikisema:

"Mke wangu alikuwa na kisukari. Mimi ndiye niliyemwonyesha video zako. Akaacha sindano. Kila asubuhi nilimtolea kigoda mwenyewe, mgongo wazi, kama ulivyofundisha. Akafa. Sasa mimi pia ninao. Vidonge sijavigusa. Nataka uniambie tulikosea wapi, ili mimi nisikosee."

Sauti haikumtetemeka mkalimani. Baadaye hakuelewa ilikuwaje haikutetemeka. Alikuwa hajui kwamba baba ndiye aliyekuwa akitoa kigoda.

Daktari aliweka simu chini.

Bwana Jua aligusa tai. "Pole sana, mzee wangu. Pole sana kwa msiba. Inaniuma." Akatulia. "Mara nyingi watu huja wakiwa wamechelewa. Sindano zimeshawaharibu miaka mingi. Na wengine, sisemi mke wako, wengine wanafanya nusu nusu, wanakata tamaa. Lakini jua lenyewe, mzee wangu, jua halijawahi kukosea. Mtu ndiye hukosea."

Mikono ya mkalimani ilipanda mpaka usawa wa kifua, ikasimama.

Angeweza kumaliza yote hapo. Alama tatu: nilikudanganya, meza vidonge. Nani angemkamata? Baba angeamini kwa sababu angeambiwa na Bwana Jua mwenyewe, angerudi nyumbani, angefungua kabati. Uongo mmoja mdogo, na baba anaishi, na mshenzi yule anakiri kosa mbele ya safu mbili za watu bila yeye kujua kwamba amekiri. Kisasi gani kitamu kuliko hicho? Alikionja ulimini.

Baba alikuwa akimtazama. Hakuwa akiitazama mikono, alikuwa akimtazama usoni, na alikuwa anangoja kuona kama ataletewa tena maganda.

Mkalimani akamletea. Pole ya uongo akaileta na uongo wake. Kuchelewa akakuleta. "Sisemi mke wako" akaileta na lile jicho lililokimbia. Na alipofika kwenye jua lisilokosea alinyoosha mkono juu taratibu, akaufungua, akaushusha mpaka ukawa kidole kimoja, na kile kidole akakielekeza mahali ambapo maneno ya Bwana Jua yalikuwa yamekielekeza: kwenye kigoda ambacho mikono ya baba ilikuwa imekichora hewani, kwa mwanamke aliyekaa na mgongo wazi. Kwa lugha ya alama huwezi kusema "mtu" hivi hivi ukimaanisha mtu fulani. Lazima umweke mahali, umwonyeshe.

Baba akaketi kitini. Kisha akasema, "Rudia."

Mkalimani anayo haki ya kumwomba msemaji arudie. Ni haki ya kawaida, hakuna anayeweza kumnyima, na hakuwahi kuitumia kwa raha kama siku hiyo. Alimgeukia Bwana Jua kwa adabu zote za kazi.

"Samahani. Naomba urudie jibu lako."

"Nimesema inategemea," alisema Bwana Jua. "Kila mwili una mambo yake."

"Hukusema hivyo mwanzo," ikasema sauti ya mwanamke, mikono ya mzee ikiwa bado hewani. "Mwanzo umesema yeye ndiye aliyekosea. Alikosea nini? Kitaje, nikijue."

"Mzee, ni suala la mawimbi ya mwanga, ni la kitaalamu kidogo, hapa sio..."

"Mimi nina muda. Nimengoja mwaka mzima. Rudia."

Hapo Bwana Jua alianza kuongea kwa kasi. Aliongea juu ya mawimbi, juu ya ngozi, juu ya watu waliopona ambao hawakuwepo ukumbini. Jasho lilimtoka chini ya masikio, naye mkalimani akalitafsiri lile jasho pia, haki ya Mungu, kila tone. Kila neno alilipitisha, na kila neno lilizidi kumvua nguo mwenyewe. Akina mama wa viti vya katikati walikuwa wameacha kutikisa vichwa. Mkalimani aliona tai imelegea, akaona mtu yule anatafuta mlango wa kutokea na hauoni, na moyo wake ulicheza ngoma. Hakujidanganya kwamba ni haki iliyokuwa ikimfurahisha. Kilichomfurahisha ni kumwona anateseka.

Katikati ya mawimbi, baba akafumba macho.

Mwenye masikio akichoka nawe atasimama atoke, atakupigia kelele, atakuzimia kipaza sauti. Kiziwi hufumba macho tu, na ukishafumbiwa hakuna mlango wa kubisha. Alikaa hivyo, mikono juu ya mapaja, uso umetulia.

Bwana Jua aliona. "Mwambie anisikilize," alimwambia mkalimani, sauti imepanda. "Mimi namjibu, mwambie anisikilize."

Mkalimani akaitafsiri sentensi hiyo. Aliitafsiri kwa ukamilifu wote, mikono juu, uso na kila kitu, mbele ya macho yaliyofungwa.

Fundi viatu alitazama upande wa rafiki yake, akaguna, naye akafumba yake.

Baba alipofumbua, hakuangalia tena upande ule wa jukwaa. Alisimama, akakishika kiti chake kwa mgongo, akakibeba hatua chache na kukiweka kikielekea meza ya Daktari, kisha akaketi. Ilimlazimu mkalimani ahame alipokuwa, apite nyuma ya Bwana Jua aliyekuwa bado ameshika kipaza sauti, aende kusimama kando ya mtu mwingine ambaye pia hakuwa akimpenda. Chini ya taa ya upande huo aliiona mikono ya baba yake ikianza kusogea, mizito, haina haraka.

"Na wewe," mzee alisema kwa sauti ya binti yake, na Daktari akashtuka kumwona mzee akimtazama. "Wewe ulikuwa unajua. Huyu alipokuwa anakuja nyumbani kwangu kila siku kwenye simu, ananifundisha, ana subira na mimi, wewe ulikuwa wapi?"

Daktari alivuta kipaza sauti karibu. Akamtazama mwenyekiti, kama kawaida yake. Kisha akakisukuma kando, akageuza kiti chake mpaka magoti yake yakaelekeana na magoti ya fundi cherehani.

Mkalimani aliinua mikono, akaiacha wazi hewani, akamngoja aanze.